Karatasi Iliyojazwa Jumatatu

Wenzangu vijana mliobaki maabara,

Siku mliyoniaga mlinikabidhi saa ya ukutani na kunitaka niseme neno. Nilisema ahsante, nikaketi. Nasikia baadhi yenu mlidhani mzee amezidiwa na huzuni. Sikuzidiwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, na nilijua kwamba nikifungua kinywa shughuli yenu itachacha kabla keki haijakatwa. Tangu siku ile nimekaa nyumbani kwangu Mwembesongo, chini ya saa hiyo, ambayo inachelewa dakika nne, na hasira haijapoa. Imepangika tu, kama majalada. Kwa hiyo ninaiandika kwa mfuatano wa mambo yalivyotokea, ili atakayetaka kubisha abishe akiwa na kitu mkononi.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nilirukwa lini. Hayo yamo masjala, na hayamfundishi mtu kazi.

Nianze na siku ya kwanza. Maabara yetu wakati ule ilikuwa vyumba vinne na veranda inayotazama mlima. Nililetwa kuwa karani wa kumbukumbu, nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi mara mbili na nikiamini kwamba kazi ya karani ni mwandiko mzuri. Mkuu wa maabara alikuwa Mama Sabina, mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi. Alinipeleka mbele ya jokofu la sampuli, akaniambia, "Andika joto." Mlangoni palikuwa na kibandiko: nyuzi nne. Nikaandika nne, kwa mwandiko mzuri sana.

"Nne umeiona wapi?" akaniuliza.

"Hapa, mama. Pameandikwa."

"Hapo pameandikwa jokofu linavyotakiwa kuwa. Mimi nimekuuliza lilivyo."

Akafungua mlango, akanionyesha kipimajoto kilichokuwa ndani. Kilisoma nyuzi tisa. Sampuli za wiki nzima zilikuwa zimeharibika, na karani aliyenitangulia alikuwa ameandika nne kila siku, asubuhi na jioni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Mama Sabina hakufoka. Aliichukua penseli yangu, akanipa kalamu ya wino, akasema: "Usiandike ambacho hujakiona, na usitie sahihi chini ya ambacho hujakisoma. Ukiyaweza hayo mawili, mengine utafundishwa." Nilidhani ni jambo jepesi. Mtaona huko mbele kwamba mimi mwenyewe lilinishinda, tena uzeeni, wakati mtu anapotarajiwa kuwa ameshahitimu.

Kwake nilijifunza mengi ambayo leo mnayaona ni ya kikale. Neno likikosewa hupigwa mstari mmoja, lisomeke bado, na pembeni aliyekosea huweka herufi za jina lake. Wino mweupe wa kufutia haukuruhusiwa kuvuka mlango. Aliyekutwa nao aliulizwa mbele ya watu anaficha nini. Daftari la mapokezi halikulala nje ya kabati. Mkinicheka kwamba nilikuwa nikiweka funguo shingoni kama sista na msalaba wake, chekeni, lakini katika miaka yote ile hakuna sampuli hata moja iliyopotea mikononi mwangu. Ninasema zilizopotea. Zilizoharibiwa ni habari nyingine, na ndiyo habari yenyewe.

Chipu zilikuja nikiwa nimebakiza miaka michache. Mama Sabina alikuwa ameshastaafu na kuzikwa kwao Matombo, na maabara alipewa Dokta Severin, aliyerejea kutoka masomoni ng'ambo. Nimpe haki yake: ni mtu mwenye akili, na siku ya kwanza alitueleza kazi ile mpaka mfagiaji akaielewa. Zamani, alisema, tulikuwa tukikuza seli za saratani katika kisahani cha plastiki, zimelala bapa, zenyewe tu, kisha tunazimwagia dawa na kushangilia zikifa. Lakini mwilini uvimbe hauishi peke yake. Una mishipa inayoulisha, una nyuzi zinazoushikilia, una seli za kinga zinazoupiga vita, na nyingine ambazo umeshazihadaa zinaulinda. Dawa inayoua seli kisahanini huenda isiufikie kabisa uvimbe uliojikita katika mtaa wake. Chipu ni mtaa huo uliojengwa upya: kipande cha plastiki laini inayopitisha mwanga, ukubwa wake kama kasha la kiberiti, na ndani yake mifereji myembamba kama unywele. Katika mfereji mmoja hupandwa seli za uvimbe wa mgonjwa, katika mwingine seli za mishipa, na maji ya lishe hupita pole pole bila kukoma, yakisukumwa na pampu.

Pampu ndiyo moyo. Ikisimama, mtaa wote hufa kwa njaa, na ukichungulia kwa hadubini baadaye huwezi kujua kama seli ziliuawa na dawa au zilikufa kwa kukosa chakula. Maiti ni maiti. Ndiyo maana tuliwekewa karatasi ya mtiririko. Kila baada ya saa nne aliye zamu aliitazama pampu, akaandika kiasi alichokiona kikipita, akaandika na saa. Mwisho wa wiki mimi, nikiwa afisa kumbukumbu, nilitia sahihi kwamba nimehakiki. Karatasi moja kwa wiki. Haikuwa kazi ya kumvunja mtu mgongo.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Vinyama, yaani vipande vidogo vilivyokatwa kwenye uvimbe wa wagonjwa, vilikuja kutoka hospitali ndani ya kasha la barafu, kila kimoja na namba yake, na nyuma ya kila namba palikuwa na fomu ya ridhaa, na nyuma ya fomu palikuwa na mtu. Bi Paskalina wa Kinole, mkulima wa mdalasini na pilipili manga, alikuwa na saratani ya titi. Alifika maabara mwenyewe pamoja na mumewe kabla ya kukatwa kinyama, kwa sababu, alisema, hawezi kutoa nyama yake iende mahali asipopajua. Hospitalini fomu ilikuwa imeshatiwa sahihi na mume. Nilimuuliza yeye mwenyewe kama ameridhia.

"Huyu ni mume wangu na ninamheshimu," akajibu. "Lakini mimi ni mtoto wa ukoo wa mama yangu. Mjomba hajaulizwa, na mimi mwenyewe sijaulizwa mpaka umeuliza wewe."

Mume akacheka, akiitazama kofia yake. "Mzee, katika hilo mimi ni mkwe tu. Nilisaini kwa kuwa waliniletea kalamu."

Mnaona mambo hayo? Fomu ile ilitungwa na watu waliosoma sana, na hawakuwa na habari kwamba wanaishi chini ya mlima wa Waluguru, ambako mtoto ni wa upande wa mama na neno zito husemwa na mjomba. Niliizuia fomu siku sita, mpaka mjomba wake, Mzee Bonifasi, aliposhuka na fimbo yake, akasomewa kila mstari, akauliza maswali ambayo hata kamati haikuwahi kuyauliza. Bi Paskalina akatia sahihi, na mjomba akatia ya kwake chini. Dokta Severin alisimama mlangoni pangu akitikisa kichwa. "Mzee Mbwana, unachelewesha sayansi kwa ajili ya mjomba." Nilimjibu kwamba sayansi imesubiri tangu kuumbwa kwa dunia, siku sita haitakonda.

Siku hiyo hiyo Bi Paskalina aliomba kuiona chipu, akaonyeshwa ya mgonjwa mwingine. Alichungulia hadubini kwa muda mrefu, akainua kichwa. "Kumbe mmeipandia na mti wake."

"Mti gani, mama?" Dokta akauliza.

"Pilipili manga haizai ikitambaa chini peke yake. Inataka mti wa kuparamia, na kivuli, na majani yaliyooza. Ukitaka kuijua pilipili, uitazame na mti wake. Naona na ugonjwa wangu mtauotesha na mti wake."

Dokta Severin alipiga makofi. Mimi niliyaandika maneno hayo katika safu ya maelezo, na chini yake nikaandika ombi alilolitoa akiwa anaondoka: "Mkijua kitu, niambieni. Kiwe kizuri, kiwe kibaya. Msiiambie karatasi peke yake." Alikuwa anaanza dripu za saratani hospitalini Dar es Salaam, raundi sita, na alitaka kujua kila kinachojulikana.

Kwenye chipu zake Dokta alikuwa akijaribu dondoo, yaani dawa iliyokamuliwa, la gome la mti mmoja wa msituni, mlimani. Sitautaja jina, kwa sababu nimeona kinachotokea jina likitajwa. Nusu ya chipu zilipewa maji ya lishe yenye dondoo, zikasukumwa na pampu ya pili. Nusu nyingine zilipewa maji matupu ya lishe, zikasukumwa na pampu ya kwanza, ili pawe na cha kulinganishia. Utaratibu huo ulikuwa mzuri na sina neno juu yake.

Neno langu linaanza hapa, na linaanza na mimi. Miezi yangu ya mwisho niliitwa Dodoma mara kwa mara kufuatilia karatasi za kustaafu, kwa sababu ofisi moja ilikuwa na mwaka mmoja wa kuzaliwa kwangu na ofisi nyingine ilikuwa na mwaka mwingine. Neema, fundi sanifu wa maabara aliyekuwa na zamu ya chipu, binti mchapakazi, akaja mezani kwangu. "Shikamoo mzee. Sasa ukisafiri nani atahakiki? Karatasi ikikaa bila sahihi Dokta ananifokea mimi."

"Marahaba. Nipe," nikasema.

Nikatia sahihi karatasi nne tupu, za mwezi mzima, kwa kalamu ya wino. Nilikuwa na haraka ya basi. Mama Sabina alikuwa kaburini, hakuweza kuniuliza nimeona nini. Na Neema, akiwa na karatasi iliyokwisha kuhakikiwa, hakuona kwa nini azisubiri saa zifike. Jumatatu asubuhi aliijaza wiki nzima. Baadaye niligundua kwamba si yeye peke yake, nyote mlikuwa mkifanya hivyo, na mlikuwa na maneno yenu ya kuipamba: "kuweka wiki sawa." Wiki haiwekwi sawa kabla haijatokea.

Ikaja sikukuu ya wakulima. Dokta aliichukua maabara nzima kwenda viwanja vya maonyesho, pamoja na Neema aliyekuwa zamu, kwa kuwa ndiye aliyejua kuieleza chipu kwa Kiswahili chepesi. Nami nilikuwepo, nimevaa fulana yenye picha ya chipu, saizi ya mtoto wa sekondari. Chipu moja tupu ilikaa ndani ya kioo, na watu wakapanga foleni. Mkulima mmoja wa Mkuyuni aliitazama mbele na nyuma, akaniambia, "Mzee, hii ndiyo saratani? Mbona haina harufu?" Tukacheka. Saa nane mchana vipaza sauti vyote vya uwanjani vilinyamaza kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Tuliusikia ukimya ule, na hakuna hata mmoja wetu, ninarudia, hata mmoja, aliyeikumbuka pampu. Tuliendelea kuwaeleza wananchi umuhimu wa mtiririko.

Maabara ilikuwa na betri la akiba lenye soketi mbili, moja kwa kila pampu. Pampu ya kwanza ilikuwa kwenye soketi yake. Soketi ya pili ilikuwa imepewa mashine ya kuchapisha, ili mabango ya maonyesho yasikatike katikati, na pampu ya pili ikahamishiwa ukutani. Niliyaona kwa macho yangu kesho yake, nilipofika mapema kabla ya wote. Mabango yalikuwa yametoka safi. Saa ya pampu ya pili ilikuwa ikiwaka na kuzima, ikionyesha sifuri nne, kama inavyofanya inapowaka upya baada ya kuzimika.

Nikaandika katika daftari nilichokiona. Kisha nikaichukua karatasi ya mtiririko. Ilionyesha kwamba jana saa nane pampu ilikwenda vizuri, saa kumi na mbili vizuri. Ilionyesha kwamba leo jioni ingekwenda vizuri, na kesho, na kesho kutwa. Nilitazama saa yangu ya mkono: saa moja na nusu asubuhi, Jumatano. Karatasi ilikuwa imeshafika Jumapili. Na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri sana, palikuwa na sahihi yangu.

Neema alipoingia nilimwonyesha mstari wa siku ile. "Mtiririko wa leo saa kumi na mbili jioni umeuonaje?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, huwa haubadiliki. Kila siku ni ule ule."

"Na jana?"

"Jana tulikuwa maonyesho." Akainama. "Na wewe ulikuwa umeshasaini."

Hakulisema kwa ufidhuli. Angelisema kwa ufidhuli ningemkaripia nikapumua.

Nilimweleza Dokta asubuhi ile ile. Alisema saa chache si neno, na seli zitajirudi. Juma lililofuata chipu zilifunguliwa. Za pampu ya kwanza zilikuwa hai. Za pampu ya pili, zenye dondoo la gome, zilikuwa zimekufa zote. Ningekuwa mimi ningeogopa. Dokta alifurahi. Siku hiyo nilikuwa Dodoma, nikithibitisha kwamba nilizaliwa. Niliporudi nilikuta bango jipya ukutani, lenye picha ya mlima na maneno makubwa yaliyosema gome la Uluguru limeushinda uvimbe. Nikaambiwa pia kwamba Bi Paskalina alikuja kusikia habari, na Dokta alimwambia, mbele ya watu, "Mama, mti wa kwenu umeiua saratani yako ndani ya chipu." Ninaandika kwa haki: hakumwambia aache dripu. Wala hakumwambia asiache.

Nikamwandikia Dokta dokezo sabili, yaani barua fupi ya ndani ya ofisi, ukurasa mmoja. Nilieleza pampu, soketi, karatasi iliyojazwa Jumatatu, na sahihi yangu mwenyewe iliyotangulia kazi. Niliomba jaribio lirudiwe na mgonjwa aelezwe ukweli. Dokezo lilirudi alasiri ile ile likiwa na maneno mawili pembeni: "Limeonwa. Lihifadhiwe."

Nikamfuata ofisini. "Dokta, nimeomba mgonjwa aelezwe."

"Aelezwe nini, Mzee Mbwana? Kwamba tulikosea kujaza fomu? Hiyo ni karatasi tu."

"Karatasi hiyo ndiyo inayosema gome limeua."

"Seli ndizo zinazosema. Mimi nimeziona kwa hadubini."

"Umeona zimekufa. Hukuona zikiuawa."

Akavua miwani, akasugua macho, akaniambia kwa upole, na upole ule ndio uliniwasha: "Mzee wangu, umebakiza wiki chache. Pumzika. Usijiharibie jina kwa sahihi yako mwenyewe."

Nilitoka. Na ninyi mnaojua ukali wangu, andikeni hili pia: nilipumzika. Nilipumzika wiki tatu nzima nikijiambia kwamba nimeshaandika dokezo, na dokezo limehifadhiwa, na afisa kumbukumbu amemaliza wajibu wake pale kumbukumbu inapokuwa sahihi.

Wiki ya nne nikakutana na mume wa Bi Paskalina sokoni hapa Mwembesongo, ameshusha ndizi na vifungu vya mdalasini. Nilimuuliza hali ya mama.

"Hajambo, mzee. Dripu ameshaacha. Zilikuwa zinamchosha, nywele zote chini. Sasa anachemsha lile gome, asubuhi na jioni. Mjomba ndiye aliyeagiza, kwa vile Dokta mwenyewe alisema ugonjwa umekufa."

"Ameruka raundi ngapi?"

"Ilikuwa aende ya tatu, hakwenda. Ya nne ilikuwa juzi."

Sikumbuki nilimwagaje. Ninakumbuka kwamba nilirudi maabara, nikafungua kabati, na kwa kuwa daftari haliruhusiwi kutoka, nikaunakili ukurasa ule kwa mkono, neno kwa neno, na karatasi ya mtiririko vile vile, pamoja na sahihi. Kesho yake nilipanda gari mpaka Mkuyuni, nikachukua pikipiki kupanda Kinole. Sikuomba kibali. Ningeomba, ningeandikiwa pembeni kwamba ombi limeonwa.

Mimi ni Mzigua, na Wazigua na Waluguru ni watani. Mzee Bonifasi aliponiona ninashuka kwenye pikipiki alipaza sauti mpaka jikoni: "Paskalina! Fungia kuku, Mzigua kapanda mlima!"

"Kuku wenyewe wamekonda kama mwenyewe," nikajibu. "Sina haja nao."

"Mzigua asiye na haja na kuku ni mgonjwa. Umekuja kufia kwetu? Hatuna ardhi ya kuzikia watu warefu."

"Nimekuja na karatasi, mtani."

"Basi kweli ni mgonjwa. Keti."

Bi Paskalina akatoka, kitambaa kichwani, akanisalimu vizuri, akaleta kigoda. Jikoni sufuria lilikuwa likichemka na harufu chungu ya gome ilijaa uani. Nilizitandaza karatasi zangu mbili juu ya jamvi lililokuwa na pilipili manga zikikauka. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo ya mazingira ya uvimbe, mishipa na seli. Nikaona mfereji wa maji uliokuwa ukipita pembeni ya shamba, nikaachana na hayo.

"Mtani," nikasema, "una matuta mawili ya mboga, kila moja na mfereji wake. Hili umelinyunyizia majivu, lile hukulinyunyizia kitu. Mfereji wa tuta la majivu ukaziba, nawe hupo. Unarudi, mboga za tuta lile zimekauka. Majivu yameziua?"

Utani ulitoka usoni mwa Mzee Bonifasi. "Mfereji uliziba?"

"Uliziba."

"Nanyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa maonyesho, tukiwaonyesha watu mfereji."

Akaichukua karatasi ya mtiririko, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyosomewa fomu siku ile. "Hapa pameandikwa maji yalipita."

"Pameandikwa Jumatatu. Umeme ulikatika Jumanne."

"Na sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ulikuwa umeona?"

"Sikuona, mzee. Nilisaini ikiwa tupu."

Bi Paskalina hakuinua sauti. "Nilikuomba uniambie."

"Ndiyo nimekuja, dada."

"Umekuja raundi mbili zimepita."

Kwa miaka yote nimewasikia watu wakisema karatasi haina damu. Siku ile niliketi mbele ya mtu ambaye damu yake ilikuwa ndani ya karatasi, nami nilikuwa nimeitia sahihi.

Mzee Bonifasi aliinuka kwa hasira, akaelekea jikoni kulimwaga lile sufuria. Bi Paskalina akamzuia. "Acha, mjomba. Nililichemsha mimi, nitalimwaga mimi." Akalitoa kwa vitambaa viwili, akalimwaga chini ya mgomba, akaliosha, akalifudikiza juani. Kisha akamgeukia mjomba wake. "Nitashuka Dar. Unaniruhusu?"

"Nilikuzuia mimi kwa neno la daktari," mzee akasema. "Ninakuruhusu kwa neno la karani. Nenda." Akanigeukia. "Na wewe Mzigua, hukuja kwa kuku, lakini kuku mmoja utaondoka naye. Si zawadi. Ni ili kila utakapomtazama ukumbuke nani kakupa."

Nilishuka naye kwenye pikipiki, amefungwa miguu, akinipigia kelele mpaka Mkuyuni. Sikumchinja. Yupo hapa uani anapekua.

Yaliyofuata ni mafupi. Dokta Severin alipopata habari alinipa barua ya onyo kwa kukutana na mgonjwa bila kibali. Onyo ni halali. Nilivunja utaratibu, na nimeomba lisiondolewe katika jalada langu, ambamo halina mwenzake. Nilijibu kwa barua yangu mwenyewe, nikijishitaki kwa sahihi nne, na nakala nikaipeleka kwenye kamati ya maadili. Baada ya hapo jaribio lilirudiwa, pampu zote mbili zikiwa kwenye betri na Neema akiandika saa kwa saa. Chipu zenye gome ziliishi sawasawa na zisizo na gome. Bango liliondolewa ukutani siku ambayo hapakuwa na mtu ofisini, na mpaka ninaondoka hakuna aliyesimama mbele ya watu kusema kwa nini liliwekwa wala kwa nini limetoka. Pale lilipokuwa pamebaki alama nne za gundi. Hizo nazo nimeziandika.

Ndiyo maana nilikaa kimya siku ya keki. Mlisimama mmoja mmoja kunisifu kwa uaminifu, na Dokta akasema mzee huyu hakuwahi kukosea, nanyi mkapiga makofi, wakati nyote mlijua. Sifa ile ilikuwa karatasi ya Jumatatu. Neema peke yake hakupiga makofi, na ninamshukuru. Kazi ya chipu ni njema. Itakuja kuwafaa akina Paskalina wengi, mkiwa na pampu inayokwenda na mkono unaongoja saa ifike. Lakini msiniambie tena kwamba ni karatasi tu.

Bi Paskalina alirudi Dar. Madaktari walikuta uvimbe umeongezeka katika zile wiki, wakamwanzishia matibabu upya, kutoka raundi ya kwanza. Kama yatatosha hawajui, na mimi sijui, na sitaandika nisichokijua. Juzi nilimpigia simu. Yule kuku wa mjomba wake alikuwa akiwika hapa uani kwangu, Bi Paskalina akamsikia, akacheka. Nikamuuliza kadi yake ya hospitali inasemaje.

"Nne zina alama," akasema. "Zimebaki mbili. Ya tano ni wiki ijayo, tiketi tumeshakata. Mume wangu alitaka aiweke alama kabisa, alikuwa na kalamu mkononi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia weka kalamu chini. Siku hiyo haijafika."